Divai Nyekundu ya Kiitaliano Mjini Juba: Ipi Inastahili Pesa Yako?

Chupa ya divai ya Kiitaliano ikifika dukani Juba, kwa kawaida imepanda meli hadi Mombasa, lori kupitia Uganda, ikapita forodha ya Nimule na kumaliza kilomita 192 za mwisho barabarani. Nauli haibagui: chupa duni na chupa nzuri zinachukua nafasi ileile kwenye lori. Kwa hiyo ukinunua ile ya bei ya chini kabisa, sehemu kubwa ya pesa yako imelipia barabara, si zabibu. Panda ngazi moja. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko tofauti iliyomo ndani ya chupa.

Ngazi hiyo, kwangu mimi, ina majina mawili. La kwanza ni Chianti, ya Toscana, ambayo angalau asilimia 70 yake ni zabibu aina ya Sangiovese. Ina uchachu wa wazi na ukakasi kama wa chai iliyokolea majani. Ukiinywa peke yake utakunja uso. Iweke mbele ya mbuzi choma mwenye mafuta, nayo inabadilika: nyama inapunguza ukakasi, uchachu unakata mafuta. Hata mchuzi wa nyanya hauishindi, kwa kuwa wenyewe una uchachu. Chianti Classico, yenye nembo ya jogoo mweusi, hutaka Sangiovese asilimia 80 na bei yake iko juu zaidi. Inafaa kwa sherehe.

La pili ni Montepulciano d'Abruzzo: rangi nzito, tunda tele, uchachu mpole, na mara nyingi bei nafuu kuliko Chianti. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa kombo, ule mchicha uliopikwa kwa siagi ya karanga, ukiliwa kwa asida au kisra. Lakini usichanganye na Vino Nobile di Montepulciano. Hiyo hutoka mji wa Toscana wenye jina hilo, zabibu yake kuu ni Sangiovese, na bei ni nyingine kabisa.

Kwa samaki wa Mto Nile, sato au sangara wa kukaanga, achana na divai zenye ukakasi. Huacha ladha ya chuma mdomoni. Ukiona Valpolicella ya kawaida au Bardolino, ambazo ni nyepesi, chukua, uipoze vizuri. Na ukipenda shata kali, jua kwamba kilevi huchochea moto wa pilipili. Siku hiyo bia baridi ina haki yake.

Barolo? Hukaa miezi isiyopungua 38 kabla ya kuuzwa, na bei yake inaonyesha hivyo. Sioni sababu ya kuinunua katika mji ambao joto la Februari na Machi hupita nyuzi 35, labda kama muuzaji anaihifadhi mahali pa baridi na wewe pia unapo pa kuiweka. Joto huua divai kabla hujaifungua. Kagua kizibo: kikiwa kimesukumwa juu, au shingo ina michirizi inayonata, rudisha. Ikatae pia iliyosimama dirishani juani. Chianti ya kawaida na Montepulciano za bei nafuu zichague changa, za miaka miwili mitatu tu. Nyumbani, weka chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina; umeme ukikatika, ndoo ya barafu inatosha.

Kuhusu bei, linganisha maduka siku moja, maana tangu paundi ya Sudan Kusini iachwe ielee mnamo Desemba 2015, bei za bidhaa za nje hufuata dola. Hotelini, kumbuka chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano. Mkiwa wawili na kila mmoja anataka glasi mbili, ulizeni kwanza bei ya chupa nzima.

Boksi la divai la lita tano kutoka Afrika Kusini bado ndilo rahisi zaidi kwa karamu ya watu wengi. Kwa meza ya watu wanne yenye kombo na nyama, nunua Montepulciano d'Abruzzo.