Maji ya Moshi: Kutoka Msituni hadi Mabogini

Mtu anayesimama mjini Moshi alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima, huiona theluji ya Kibo iking'aa na kudhani kwamba huko ndiko yatokako maji ya bomba lake. Dhana hiyo imeenea hata mashuleni, lakini si sahihi. Barafu ya Kibo ni kidogo mno. Kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007 ilipoteza asilimia 85 hivi ya eneo lake, na kama mito ya mlima huo ingalikuwa ikiitegemea, basi ingalikwisha kukauka.

Chanzo hasa ni msitu. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda mteremko wa kusini, hupoa, na mvuke wake hugeuka kuwa wingu na mvua. Mjini Moshi, penye mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua ya mwaka haizidi sana milimita 900. Msituni, kwenye mita 2,000 na ushei, hupita milimita 2,000. Tena miti yenyewe, pamoja na mimea midogo inayoota juu ya matawi yake, hunasa unyevu wa mawingu hata siku isiyo na mvua. Sehemu ya maji hayo hushuka kwa mito. Sehemu nyingine huzama katika miamba ya volkeno yenye nyufa nyingi, na kutokea tena chini kama chemchemi. Chemchemi za Nsere na Shiri, zinazoulisha mji wa Moshi, ni za namna hiyo.

Lakini kati ya msitu na mji wanaishi watu wengi. Huo ni ukanda wa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba, kahawa na miti ya kivuli, na hapo ndipo ilipo mifereji ya asili ambayo Wachagga huiita mifongo. Wageni waliofika huko katika karne ya 19 waliikuta ikitumika.

Kanuni yake yafaa ieleweke vizuri, kwa maana ni fizikia iliyo wazi. Mto wa mlimani hushuka kwa kasi ndani ya bonde refu, na shamba liko juu ya kilima kando yake. Maji hayapandi kilima. Basi wachimbaji huenda mbali juu ya mto, hujenga banio la mawe, magogo na udongo, kisha huyatoa maji pembeni kwa mfereji ulio karibu na mlalo. Mto unaendelea kushuka ghafla, mfereji unashuka polepole, na baada ya mwendo fulani mfereji huwa juu ya mto kwa makumi ya mita. Penye korongo, maji yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa ndani. Mteremko ukizidi, maji hula kingo. Ukipungua, tope hutuama na kuziba njia. Mafundi wa kale hawakuwa na vyombo vya upimaji. Maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa pimamaji yao.

Mifereji mingine ina bwawa dogo la kukusanyia maji ya usiku, kama yale ya jirani zao Wapare yanayoitwa ndiva. Faida yake mwanafunzi anaweza kuikokotoa. Tuseme mfereji unaleta lita 10 kwa sekunde, na bwawa linafungwa saa kumi na mbili jioni na kufunguliwa saa kumi alfajiri. Hizo ni saa 10, au sekunde 36,000. Maji yaliyokusanywa ni lita 360,000, sawa na mita za ujazo 360, ambayo bila bwawa yangalipita gizani pasipo mtu wa kuyatumia.

Hata hivyo, jambo gumu katika mfongo si kuchimba. Banio hubomolewa na mafuriko kila masika, majani huota, kingo hubomoka, na hakuna mtu mmoja awezaye kuyatengeneza yote hayo. Kwa hiyo kila mfongo una kamati yake na mkuu wake. Siku ya kazi hutangazwa, asiyefika hutozwa faini, na mkaidi huweza kunyimwa zamu yake ya maji. Anayetumia maji ndiye anayesafisha njia yake, na mwenzake anamwona akisafisha. Huko Valencia, nchini Hispania, wakulima wa mifereji wana baraza linaloketi kila Alhamisi mlangoni pa kanisa kuu kuamua mashauri ya namna hii, nalo husifiwa duniani kote. Mabaraza ya mifongo hayajapata sifa hizo, ingawa kazi ni ile ile.

Mara nyingi mfongo hulaumiwa kwamba unapoteza maji, na ni kweli: katika mfereji wa udongo maji mengi hunywewa na ardhi kabla ya kufika shambani. Wapo wanaoshauri kusakafia mifereji yote kwa saruji. Ushauri huo una busara penye udongo wa kichanga, lakini yafaa kuuliza kwanza maji hayo huenda wapi. Baadhi huinywesha migomba iliyo kando, na baadhi huzama na kuungana na maji ya chini ya ardhi. Hasara ya mwenye shamba la juu huweza kuwa chemchemi ya jirani wa chini.

Jirani huyo wa chini sasa ni mji mkubwa. Katika sensa ya mwaka 1967 Moshi ilikuwa na watu wasiofika 30,000. Mwaka 2012 walikuwa 184,292, na mwaka 2022 walihesabiwa 221,733. Sheria ya Matumizi ya Maji ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote chini ya umma, na mtumiaji akatakiwa kuwa na haki ya maji iliyoandikwa. Kwa watu ambao mababu zao walichimba mfereji kwa mikono, haikuwa rahisi kuelewa kwa nini waombe kibali. Ofisi ya Bonde la Pangani iliundwa mwaka 1991, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikazipa nafasi jumuiya za watumiaji maji, ambamo watumiaji wa chanzo kimoja hugawana na kukilinda.

Athari ya kukosa kikao cha pamoja ilionekana mapema katika uwanda ulio chini ya mji. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulileta mavuno makubwa ya mpunga. Wakulima wa sehemu za juu, walio nje ya mradi, walipoona faida hiyo nao wakalima mpunga kwa maji ya mito ile ile. Sehemu ya mashamba ya mradi ikakosa maji, ijapokuwa mifereji yake ilikuwa imara. Saruji ilikuwapo, mapatano ndiyo yaliyokosekana.

Wananchi wa mlimani wameonyesha namna nyingine. Oktoba 2020, moto ulipozuka katika eneo la Whona na kuteketeza kilometa za mraba zipatazo 95 za uoto wa mlima, askari wa hifadhi hawakuuzima peke yao. Mamia ya watu walipanda, wakiwamo wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanavijiji, wakitumia mapanga na matawi. Mkazi wa mjini alizisoma habari hizo gazetini, na huenda hakujua kwamba walikuwa wakilinda ukanda unaopakana na msitu unaomnywesha.

Kusini mwa mji, huko Mabogini, majitaka ya nyumba zilizounganishwa na mtandao huingia katika mfululizo wa mabwawa. Katika bwawa la kwanza, lenye kina na lisilo na oksijeni, uchafu mzito hutuama na kuozeshwa na bakteria. Katika yanayofuata, yenye kina kifupi, mwani hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua, bakteria wengine huitumia kumaliza uchafu uliobaki, na mwanga wa jua huua vijidudu vingi. Mayai ya minyoo huzama yakipewa siku za kutosha. Hakuna mtambo unaozunguka, ila mabwawa yasipoondolewa tope, au majitaka yakizidi, siku hizo hupungua na maji hutoka kabla hayajasafika. Wakulima wa mpunga walio karibu huyatumia maji yanayotoka, hivyo usafi wake unamhusu kila anayeingia jarubani bila viatu. Yanayobaki huendelea uwandani kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako huzungusha mitambo ya umeme, na kisha kushuka kwa mto Pangani hadi Hale.