Shingo ya gido: kapande kadogo kenye kanabeba mavuno yote

Ndugu walimaji, wanachama wa koperative, mara hii tunaacha kidogo mbegu na mbolea, tunazungumzia baiskeli. Tena si baiskeli nzima. Tunazungumzia kile kipande kinachounganisha gido na tiyo ya furshi, kile mafundi wetu wanaita potansi. Sisi hapa tutakiita shingo ya gido, juu ndiyo kazi yake: kama shingo ikivunjika, kichwa hakiongozi tena kitu.

Kila mutu anajua namna mavuno yetu yanafika sokoni. Magunia mawili ya mihogo mikavu nyuma, lingine limelala katikati ya kadre, ao bidon za mafuta ya ngazi zimefungwa pande zote mbili. Kilo 100 ni jambo la kawaida, na wengi wanapita hapo. Kwenye kupanda unasukuma, kwenye mutelemko unazuia. Na muzigo huo wote unauongoza na kipande kimoja cha chuma, chenye unene wa kidole gumba, chenye kinashikwa na bulo moja tu. Siku kinageuka ao kinakatika katikati ya mutelemko, gurudumu linakwenda kwake na gido inabaki mukononi mwako. Hapo hauna namna ya kuongoza, na freni ya mbele inaweza kutoka pamoja na gido. Mwenye kusukuma anaangukiwa na muzigo. Mwenye kupanda anaanguka uso mbele. Mafuta yanamwangika, na deni la mbegu liko palepale linangojea.

Kitu kimoja kinafanya baiskeli zetu ziteseke kuliko zile za mujini. Fundi aliyetengeneza baiskeli alifikiri mutu atakaa juu ya kiti, mikono miwili juu ya gido, na nguvu inagawanyika sawa kushoto na kuume. Sisi tunasukuma. Tunasimama upande mumoja, tunavuta gido upande mumoja, saa nyingi, siku nyingi. Wengi tena wanafunga fimbo kwenye gido ili waongoze bila kuinama. Si ujanja wa kwetu peke yetu: mwaka wa 1954, kwenye vita ya Dien Bien Phu, Wavietnamu walifunga mianzi kwenye gido za baiskeli na kusukuma mizigo ya kilo 200 na zaidi katika milima. Ni namna nzuri, lakini fimbo ni kama kle ndefu: kadiri inavyokuwa ndefu, ndivyo inakaza shingo kwa nguvu zaidi. Mwenye kutumia fimbo anapaswa kuchagua shingo kwa uangalifu kuliko mwenye kwenda kanisani siku ya Mungu.

Kuko shingo za namna mbili sokoni. Ya kwanza ni ya kuingia ndani: inashuka ndani ya tiyo ya furshi, na chini yake kuko kabari ya chuma. Ukikaza bulo ya juu, kabari inapanda, inabana ndani ya tiyo. Baiskeli nyingi za chuma zenye kutoka China na India ziko hivyo. Ya pili ni ya kuvaa inje: inakumbatia tiyo ya furshi kwa inje na kukazwa na bulo mbili za pembeni. Unaiona kwenye baiskeli mupya za vijana, zile za milima. Hizi mbili hazibadilishani. Muuzaji akikuambia "itaingia tu, fundi atapanga", mwachie mali yake. Zile baiskeli kubwa nyeusi zenye freni za fimbo nazo ni jambo lingine: mara nyingi gido na shingo vimeunganishwa tangu kiwandani, kwa hiyo unanunua vyote pamoja.

Sasa unene. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza feza. Shingo nyingi za kuingia ndani ziko na milimita 22.2, lakini kuko za milimita 21.1, na baiskeli za zamani za Ufaransa ziliomba milimita 22.0. Kwa macho zote ni sawa, na mita ya fundi cherehani haitakuonyesha tofauti. Iliyo nene haiingii, na hiyo haina hatari sana, utarudia tu kwa muuzaji. Yenye hatari ni ile nyembamba: inaingia vizuri, unaikaza, unafurahi, kisha inacheza ndani ya tiyo kila siku mpaka inajipindua siku ya muzigo mukubwa. Wengine wanajaza nafasi na kipande cha kopo. Tunasema wazi: kwa baiskeli ya kubeba mizigo, hapana. Dawa ni rahisi: wende sokoni na shingo ya zamani mukononi, ao na baiskeli yenyewe, na ujaribu mbele ya muuzaji. Inapaswa kushuka kwa mukono bila nyundo, na isitikisike pembeni hata kabla ya kukazwa. Ujaribu pia mahali pa kushika gido. Gido ikicheza mule, hata ukikaza namna gani, utakuja kuishika siku moja na itazunguka kwenda chini pamoja na kifua chako.

Kwenye shingo ya kuingia ndani kuko alama, mustari ao mistari midogo iliyokatwa juu ya chuma. Mustari ule hauwekwi kwa urembo. Unaonyesha mwisho wa kuinua: ukiuona inje ya tiyo, shingo imepanda sana. Mutu murefu anataka gido ya juu ili asiinike mugongo, na tunamuelewa, lakini dawa yake ni kutafuta shingo ndefu zaidi ao gido yenye kupinda juu, si kuinua ile fupi mpaka inabaki na sentimita mbili ndani. Kama alama imefutika, acha vidole vinne vya shingo vibaki ndani ya tiyo, na usihesabu kabari. Shingo yenye kukaa juu sana inaweza kukatika, na inaweza pia kupasua tiyo ya furshi. Hapo unanunua na furshi.

Juu ya chuma ao aliminyumu, sisi tunachagua upande. Kwa kubeba mizigo tunapenda chuma. Ni kizito kidogo, kinapata kutu, lakini mara nyingi kinapinda kwanza mbele ya kukatika, na mutu mwenye macho anaona. Aliminyumu iliyofuliwa vizuri ni nguvu pia. Lakini ile ya bei ya chini, iliyomiminwa kama sufuria, ina kawaida ya kukatika mara moja bila kuaga. Ukiona ufa mudogo kama unywele karibu na bulo, kazi yake imekwisha. Usipeleke kwa musuderi. Moto unaharibu nguvu ya aliminyumu, na hata shingo ya chuma iliyosuderiwa kando ya barabara hatuiaminie kilo 100.

Baiskeli ya nyumba ina watu wengi: baba anapeleka makaa, mama anapeleka mboga, mutoto anakwenda nayo kisimani. Hapo shingo ya kuingia ndani ina faida, kwa kuwa inapanda na kushuka. Legeza bulo ya juu mizunguko mitatu ao mine, usiitoe yote. Weka kipande cha muti juu ya kichwa chake, piga na nyundo pole, kabari inaachia. Panga urefu, nyoosha gido na gurudumu, kaza. Mbele ya kurudisha, pakaa grese juu ya shingo na kabari. Mafuta ya ngazi hapana: yanaganda, na kisha mwaka moja utaomba vijana watatu kuvuta. Kwa urefu wa kwenda mbele, mwenye kusukuma asitafute shingo fupi sana, gurudumu linakuwa jepesi na linageuka ovyo na muzigo. Ndefu sana nayo inamulaza mwenye kupanda juu ya mikono. Ile ya katikati, kama ya kwanza ya baiskeli, mara nyingi inatosha.

Kisha kukaza, jaribu. Simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu kati ya magoti, pindua gido kwa nguvu ya mikono yako. Isiachie. Kisha egemea gido na uzito wa mwili. Isishuke. Minuti moja tu.

Kwa koperative zenye baiskeli za pamoja, tunashauri munyanganyiko huu ujadiliwe kwenye mukutano mbele ya majira ya mavuno. Baiskeli ya wote mara nyingi haina mwenye kuiangalia, na kila mumoja anafikiri wa jana aliikaza. Mupeni mutu mumoja kle na daftari. Aandike nani alichukua baiskeli, na kama shingo ilijaribiwa mbele ya kufunga muzigo. Mununue shingo pamoja, za unene mumoja, ili moja ya akiba ifae baiskeli zote. Na muamue mapema, watu wakingali na roho ya utulivu, nani atalipa kama imekatika: mwenye kubeba, ao sanduku la koperative. Tumeona magombano makubwa yakitoka hapo, kati ya watu waliolima shamba moja miaka mingi.

Shingo iliyotolewa kwa sababu ya ufa, muikate kabisa na msumeno. Ukiitupa nzima nyuma ya depo, mutoto ataiokota, fundi ataipaka rangi, na itarudi sokoni.