Kifafa na picha ya ubongo: nani apigwe, na kwa nini?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana unaopita kati ya seli zake. Umeme huo ukivurugika ghafla, mtu anaweza kuanguka na kutetemeka, kuduwaa kwa muda mfupi, au kuchezwa na mkono mmoja bila kukusudia. Hali hiyo ikijirudia, ndicho kifafa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi 70 kati ya kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo.

Familia nyingine huuza mifugo ili kulipia picha ya ubongo. Nyingine, zikikosa fedha, hurudi nyumbani bila dawa zikidhani kwamba matibabu hayawezi kuanza bila picha. Kwa hiyo ni vyema tuelewe kazi ya picha hiyo.

Kifafa hutambuliwa kwa maelezo

Picha huonyesha umbo la ubongo. Haionyeshi kifafa chenyewe, na watu wengi wenye kifafa wana picha isiyo na kasoro yoyote. Mhudumu wa afya hutambua kifafa hasa kwa maelezo ya mtu aliyemwona mgonjwa akianguka. Tukio lilianzaje? Lilianza upande mmoja wa mwili? Lilichukua muda gani? Alikuwa na homa? Kwa sababu hiyo, mgonjwa aende kliniki pamoja na mtu aliyeshuhudia.

Kazi ya picha ni kutafuta chanzo: kovu la jeraha, uvimbe, damu iliyovuja, au vimelea.

Aina mbili za picha

• CT-scan hutumia miali ya eksirei. Huchukua dakika chache na huonyesha vizuri damu, mifupa iliyovunjika na makovu magumu kama chokaa. Mama mjamzito amweleze mhudumu kabla ya kupigwa.
• MRI hutumia sumaku yenye nguvu, bila miali ya eksirei. Huonyesha makovu na kasoro ndogo ambazo CT-scan huweza kuzikosa, lakini huchukua muda mrefu na ni ghali zaidi. Mtu mwenye chuma au kifaa chochote mwilini lazima aseme mapema.

Picha ilivyofichua tegu

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, watafiti waliwachunguza kwa CT-scan watu 212 wenye kifafa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Watu 38, yaani karibu 18 kati ya kila 100, walikuwa na dalili za mabuu ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo.

Mtu anayekula nyama ya nguruwe yenye mabuu, isiyoiva vizuri, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake. Mtu mwingine akiyameza kupitia mikono michafu, maji au mboga, mabuu yanaweza kufika kwenye ubongo wake. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuugua.

Hapa picha hubadilisha matibabu. Mabuu yakiwa hai, daktari anaweza kutoa dawa ya minyoo pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi. Yakiwa yamekufa na kubaki makovu, dawa ya minyoo haisaidii. Mgonjwa huhitaji dawa za kifafa tu. Usijaribu kujitibu tegu wa ubongo kwa dawa ya minyoo ya dukani: mabuu yanapokufa, ubongo huweza kuvimba na mgonjwa kuanguka zaidi.

Nani apewe nafasi ya kwanza?

Pale ambapo mashine ni chache, wanaohitaji picha zaidi ni hawa:

• mtu mzima aliyeanza kuanguka kwa mara ya kwanza;
• mtu ambaye tukio huanzia upande mmoja, au anayebaki na udhaifu wa mkono au mguu;
• aliyeumia kichwa, au anayeumwa kichwa mfululizo na kutapika;
• mtu anayeishi na VVU aliyeanza kuanguka;
• anayemeza dawa kila siku kama alivyoelekezwa, lakini bado anaanguka.

Mtoto mdogo aliyepata degedege fupi kwa sababu ya homa, kisha akazinduka vizuri, kwa kawaida hahitaji picha. Anahitaji kupelekwa kituo cha afya haraka ili apimwe malaria na maambukizi mengine.

Tufanye nini?

Kama mgonjwa yumo katika orodha hii, ombeni rufaa. Kama fedha ya picha bado haijapatikana, ulizeni kama dawa zinaweza kuanza sasa. Mara nyingi inawezekana, na dawa kama fenobabitali ni za bei nafuu. Mgonjwa asiache dawa ghafla, hata kama picha yake imetoka safi. Tena, tujenge vyoo na kuvitumia, tunawe mikono kwa sabuni, tufungie nguruwe bandani na kupika nyama hadi iive kabisa. Hatua hizo hazihitaji mashine yoyote.