Mgeni Mwenye Namba

Asubuhi ya kwanza niliyoingia katika duka la mikate mjini Odense, mji wa tatu kwa ukubwa katika nchi ya Denmark, nilifanya kama afanyavyo kila mtu aliyelelewa Tanga: nilitoa salamu kwa wote niliowakuta, nikasimama karibu na meza ya muuzaji, nikangoja zamu yangu ijulikane kwa macho ya watu kama ijulikanavyo kwetu, ambako hakuna asiyejua nani alitangulia na nani alifuata. Hakuna aliyeitikia. Watu waliokuja nyuma yangu walihudumiwa, wakatoka na mikate yao myeusi ya rai, wakaja wengine nao wakahudumiwa, na mimi nikazidi kusimama pale kama nguzo ya nyumba, hata bibi mmoja mwenye kikapu akaniashiria kijisanduku kilichotundikwa karibu na mlango, chenye ulimi wa karatasi uliochomoza. Niliuvuta, nikapata namba 64. Nilifurahi nikidhani shida imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, kwa sababu namba ile ilipoitwa sikuitambua, ikaitwa mara ya pili, ikapitwa.

Sitini na nne kwa Kidenmark ni fireogtres, yaani nne na tatu, na hiyo tatu si tatu bali ni ishirini mara tatu, ishirini yenyewe ikiwa imedondoshwa njiani na ndimi za vizazi vingi. Hapo mgeni bado aweza kustahimili. Mashaka huzidi katika hamsini, iitwayo halvtreds, ambayo asili yake ni nusu ya tatu mara ishirini: ishirini mbili zilizotimia, na ya tatu iliyofika nusu. Sabini ni nusu ya nne kwa kanuni iyo hiyo, na tisini ni nusu ya tano. Waswidi na Wanorwei, ambao lugha zao ni ndugu wa damu wa Kidenmark, huhesabu kwa makumi ya kawaida na huwacheka jirani zao kwa jambo hili. Walakini mtu wa pwani ana faraja moja ndogo: Wadenmark hutanguliza mamoja kisha wakataja makumi, sawasawa na wazee wetu waliohesabu siku za mwezi kwa Kiarabu wakisema hamsa wa ishirini, basi babu yangu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Pemba, angaliielewa femogtyve yao upesi kuliko mimi niliyepita skuli nyingi.

Nimeanza na hesabu kwa makusudi, maana mtu aendaye kukaa Denmark kwa muda, awe mwanafunzi, mtafiti au mke aliyemfuata mume kazini, hukutana na namba kabla hajakutana na watu. Kwetu husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule mgeni hupewa namba. Hiyo ndiyo iitwayo CPR, iliyoanzishwa mwaka 1968, yenye tarakimu kumi: sita za mwanzo ni siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa kwake, na nne za mwisho ni zake peke yake, ambapo ile ya mwisho kabisa huwa shufwa kwa mwanamke na witiri kwa mwanamume. Kabla ya kuipata, mimi nilikuwa kama kivuli kilichopotelewa na mwili wake. Benki ilinisikiliza kwa adabu ikaniambia nirudi nikiwa nayo; maktaba kadhalika; na mwenye simu kadhalika. Siku ilipofika, barua ikaja, na baada yake ikaja kadi ya manjano iliyoandikwa jina langu, makazi yangu, na jina la tabibu niliyepangiwa, ambaye ningeweza kumwendea nikiugua pasipo kutoa hata senti moja. Milango yote iliyokuwa imefungwa ilifunguka kwa wiki moja, na hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Kutoulizwa swali hilo kulinitaabisha mwanzoni, kisha kukanifikirisha. Katika nchi ambayo mwanafunzi humwita mwalimu wake kwa jina la kwanza, na kiwakilishi cha heshima cha kumwambia mkubwa kimekwisha karibu chote katika mazungumzo, isipokuwa kwa mfalme na jamaa yake, namba ile hushika mahali pa mambo mengi ambayo kwetu hufanywa na ukoo, umri na kujuana. Waziri naye huvuta karatasi katika duka la dawa. Nimeishi katika miji ambayo mtu asiyejuana na karani huweza kushinda benchini mpaka jua likachwa, ilhali ajuaye shemeji wa karani huingia kwa mlango wa nyuma. Basi siwezi kusema kwa insafu kwamba utaratibu wa Wadenmark ni ubaridi mtupu. Hata hivyo sitajifanya sikuona kilichokosekana. Mwezi mzima wa kwanza hakuna mtu aliyeniuliza habari za nyumbani.

Ajabu ni kwamba watu hawa hawa wasioweza kununua andazi bila karatasi ya zamu huwaacha watoto wao wachanga nje. Nilidhani macho yangu yananidanganya nilipoona magari manne ya watoto yamepangwa mbele ya mkahawa katika baridi ya Novemba, kila moja na kichanga kilicholala ndani yake kimefunikwa mpaka puani, na mama zao wako upande wa pili wa kioo wanakunywa kahawa. Huo ni mwenendo wao wa siku zote, kwa itikadi kwamba hewa baridi humlaza mtoto vizuri na kumpa siha. Mwaka 1997 mwanamke mmoja wa Kidenmark alifanya vivyo hivyo huko New York, akatiwa nguvuni, na habari zake zikaenea duniani. Wadenmark walistaajabu kukamatwa kwake kama Wamarekani walivyostaajabu kitendo chake. Na njiani mashambani, katika kisiwa hicho cha Fyn ambacho Odense ndiyo mji wake mkuu, utakuta kibanda kisicho na mtu, viazi vimewekwa katika mifuko, bei imeandikwa, na pembeni kijikebe cha kutilia fedha. Nilisimama mbele ya kibanda kama hicho kwa muda mrefu kuliko haja, nikitafuta mwenyewe amejificha wapi.

Nyumba za watu, lakini, hazina kijikebe. Kualikwa ni jambo la kalenda. Wadenmark huhesabu majuma ya mwaka kwa namba, tangu la kwanza mpaka la hamsini na mbili, na mara nyingine hamsini na tatu, wakaambiana tuonane juma la 45 kama mimi ningesema tuonane baada ya Maulidi. Watoto wote wajua kwamba likizo ya vuli ni juma la 42, ambalo tangu zamani huitwa likizo ya viazi, maana watoto waliachwa nyumbani wasaidie kuvivuna. Jirani yangu wa ghorofa ya pili, mama wa makamo aliyekuwa akinipa tabasamu fupi ngazini, alinialika chakula cha jioni majuma matatu kabla ya siku yenyewe, akasema nifike halv syv. Mimi nilijua kwamba halv ni nusu na syv ni saba, nikatia akilini saba na nusu kwa saa yao, nayo ni saa moja na nusu usiku kwa saa yetu. Nilifika kwa wakati huo na ua mkononi, nikakuta viazi vimepoa, na nyama ya nguruwe, ambayo hata hivyo nisingeila, imekauka pembezoni. Nusu ya saba, kwao, ni ile saa ya saba iliyofika nusu, yaani saa sita na nusu yao: kanuni ile ile ya hamsini ilinifuata mpaka mezani. Mwenyeji wangu hakunikemea. Alinipashia viazi, akaniletea samaki wa siki na mayai, akawasha mishumaa mingine miwili.

Sikuwa na bahati zaidi na chumba cha kufulia. Katika jengo letu mashine zilikuwa chini kabisa, na ukutani kulikuwa na ubao wa siku na saa, ambapo kila mpangaji hutia kufuli lake dogo lenye namba ya nyumba yake mahali pa zamu aliyoitaka. Siku moja nilichelewa kwa dakika ishirini, nikakuta nguo zangu zimetolewa, zimekunjwa vizuri kabisa katika kapu, na juu yake kijikaratasi chenye maneno matatu na alama ya mshangao. Matusi ya Kitanga ningaliyastahimili. Nguo za ndani kukunjwa na mtu nisiyemjua kulinifanya niwe mwaminifu wa saa mpaka siku niliyoondoka.

Saa yenyewe, kwa Mswahili, ni msiba wa peke yake. Sisi huhesabu tangu jua lichomozapo, na jua la Tanga ni mwenzi mwaminifu asiyetofautiana sana na jana yake mwaka mzima. Katika Desemba ya Odense jua huchelewa mpaka karibu saa tatu kasorobo asubuhi, likatambaa juu ya mapaa kama mgonjwa, likazama kabla ya saa kumi alasiri. Adhuhuri na alasiri hukaribiana hata mtu akaona kwamba amesali sala moja mara mbili. Juni mambo hupinduka: jua huzama baada ya saa nne usiku na kurudi kiasi cha saa kumi na nusu alfajiri, na katikati yake weupe hauondoki angani, hata wanazuoni wakalazimika kutafuta njia ya kuipatia isha wakati wake. Ramadhani ilipoangukia Juni, kama katika mwaka 2016, Waislamu wa huko walifunga saa kumi na nane na zaidi.

Nafuu yangu ilikuwa Ijumaa, nilipopanda baiskeli kwenda soko la Bazar Fyn, nikisimama njiani penye taa za kuvukia ambazo katika vivuko vingine vya mji huo mtu mwekundu na mtu wa kijani huonyesha umbo la Hans Christian Andersen na kofia yake ndefu, mwandishi wa hekaya aliyezaliwa hapo mwaka 1805, mtoto wa fundi viatu na mfua nguo, aliyeuhama mji huo akiwa na miaka kumi na minne kwenda Copenhagen kutafuta riziki. Sokoni kulikuwa na ndizi mbichi, mihogo, na nyama ya halali, na siku moja mama mmoja wa Kisomali, aliponisikia nikinung'unika peke yangu juu ya bei ya nazi, akageuka akaniambia kwa Kiswahili safi cha Mombasa, "Mwanangu, zile ni kavu, zitaku'ibia pesa zako. Chukua hizi." Alinishika mkono, akauliza jina la mama yangu, jina la mtaa wetu, na kama nimeoa. Nilijibu yote mpaka foleni ya nyuma yetu ikaanza kukohoa.

Majuma mawili baada ya chakula kile kilichopoa nilikutana tena na jirani yangu ngazini, naye akanipa mkono akasema tak for sidst, ahsante kwa siku ile ya mwisho, maneno ambayo Wadenmark huambiana wakutanapo tena baada ya kuwa pamoja. Nilifikiri ananidhihaki kwa kuchelewa kwangu, ndipo akanyoosha kidole kwenye kalenda ya simu yake, akaniuliza kama juma la 48 lingenifaa. Safari hii aliniandikia saa kwa tarakimu.

Nilipoondoka Denmark nilikwenda kujiandikisha kuwa nimehama, kadi ya manjano ikafa siku hiyo. Namba haikufa. Karani alinieleza kwamba haipewi mtu mwingine hata nikae Tanga miaka hamsini, na nikirudi nitaikuta.