Neno Moja, Maradhi Mawili

Kiswahili kina neno moja, kiharusi, lililobebeshwa mzigo wa maradhi mawili yasiyofanana. Maradhi ya kwanza hutokea damu iliyoganda inapoziba mshipa wa ubongo. Ya pili hutokea mshipa unapopasuka na damu ikavujia ubongoni. Mimi ni mwalimu wa isimu, si tabibu, lakini naamini kwamba ufukara huu wa istilahi waweza kugharimu maisha ya watu.

Hapa Nunguni, juu ya vilima vya Kilungu katika Kaunti ya Makueni, baridi ya Juni na Julai huandamana na ukungu na vikohozi. Wengi huyachukulia mafua kuwa maradhi ya kifua tu, na homa ikizidi hununua vidonge dukani. Lakini korona, iliyothibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwezi Machi 2020, ilitufunza kwamba virusi vya njia ya hewa vikimlemea mgonjwa havikomei mapafuni.

Mwili unapopambana navyo kupita kiasi, kuta za mishipa hudhurika na damu huelekea kuganda ovyo. Ndiyo sababu madaktari waliwapa wagonjwa mahututi dawa za kuzuia damu isigande, kama vile heparini. Dawa hizo ni upanga ukatao kuwili. Kwa mwenye shinikizo la damu, au aliyeunganishwa na mashine inayoitia damu yake oksijeni nje ya mwili, hatari ya kuvuja damu ubongoni huongezeka. Waama, tukio hili ni nadra: miongoni mwa wagonjwa wa korona, waliozibwa mishipa walikuwa wengi kuliko waliovuja damu. Hata hivyo, linapotokea, aghalabu huua.

Hapo ndipo neno letu linapotupotosha. Dawa imfaayo aliyezibwa mshipa yaweza kumwangamiza aliyepasukiwa. Hata daktari hodari hawezi kuyatenganisha maradhi haya kwa macho. Sharti ubongo upigwe picha ya skani. Basi jirani anayemtilia mgonjwa aspirini kinywani kwa kuwa "amepatwa na kiharusi" anabahatisha roho ya mtu, ijapokuwa nia yake ni njema.

Dalili hujitokeza kwa ghafla: uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, kichwa kuuma kwa namna isiyopata kutokea, ulimi kuwa mzito. Hii ya mwisho yanigusa zaidi kikazi. Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyepoteza usemi kwa sababu ya dhara katika sehemu ya mbele ya ubongo. Kwa hiyo mwanafunzi akimsikia nyanya yake akitatizika kutamka baada ya siku kadhaa za kikohozi kikali, asidhani kwamba ni homa tu inayomweweseza. Aikumbuke saa dalili zilipoanza, asimpe kidonge wala chakula, naye mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Wapo watakaosema kwamba istilahi haijengi hospitali wala hainunui mashine ya skani. Ni kweli. Lakini kadiri mashine ilivyo mbali, ndivyo inavyotupasa kuitambua hatari mapema. Lugha iliyolipa kazi mpya neno barakoa, ambalo zamani lilitaja kifuniko cha uso cha baadhi ya wanawake wa pwani, tena ikaunda jina UVIKO kwa muda mfupi, haiwezi kushindwa kutenganisha kiharusi cha kuziba na kiharusi cha kuvuja.

Walimu wenzangu, tuyafunze maneno haya mawili darasani, pamoja na faida ya chanjo na ya kupima shinikizo la damu. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao ufa wa mshipa wa ubongo hautupi nafasi ya kuujenga ukuta huo.