Chakula cha Kiitalia Juu ya Jiko la Makaa

Aghalabu mtu akitajiwa mapishi ya Kiitalia hufikiria mkahawa wa mjini wenye vitambaa vyeupe mezani, na bei ambayo mshahara wa koplo hauwezi kuikabili. Fikira hiyo haina msingi. Vyakula vingi vilivyoipa Italia sifa ulimwenguni vilitoka katika majiko ya wakulima, wavuvi na vibarua, watu waliokula nyama siku za sikukuu, na ambao siku nyingine zote iliwabidi wawashibishe watoto kwa unga, maharagwe, vitunguu na mafuta kidogo. Ukiondoa jibini na mafuta ya zeituni, karibu kila kitu kinachohitajiwa huuzwa katika soko lolote la Afrika Mashariki, na chaweza kupikwa juu ya jiko moja la makaa katika nyumba ya kambini.

Wako askari wasiohitaji kuambiwa haya. Tangu kikosi cha kwanza cha Uganda kilipotua Mogadishu mwezi wa Machi 2007, kikifuatwa na cha Burundi mwishoni mwa mwaka huo huo, wengi wao wameona jinsi Wasomali wanavyokula baasto, yaani tambi, kwa mchuzi wa nyama na ndizi mbivu pembeni. Neno lenyewe ni pasta ya Kiitalia, lililobaki huko tangu Italia ilipokuwa ikiitawala sehemu ya kusini ya nchi hiyo. Wasomali walizitwaa tambi wakazitia viungo vyao wenyewe, na hakuna Muitalia awezaye kuwalaumu, kwani katika Italia yenyewe habari ya kale ya biashara ya tambi kavu iliandikwa kwa Kiarabu. Mwanajiografia Al-Idrisi, katika kitabu chake cha mwaka 1154, alieleza kuwa huko Trabia, karibu na Palermo katika kisiwa cha Sicilia, zilitengenezwa tambi kwa wingi na kupakiwa majahazini kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Hivyo ile hadithi ya kwamba tambi zililetwa na Marco Polo kutoka Uchina haisimami, maana Marco Polo alirejea nyumbani mwaka 1295.

Nyanya nazo ni mgeni wa baadaye. Zilitoka Marekani ya Kusini na ya Kati, zikafika Italia katika karne ya 16, na kwa muda mrefu wengi walizitazama kama mmea wa pambo tu. Kitabu cha mapishi cha Antonio Latini, kilichochapishwa Napoli kati ya mwaka 1692 na 1694, kilikuwa na maelezo ya mchuzi wa nyanya, lakini haukuwa mchuzi wa tambi. Ndoa ya tambi na nyanya haikukomaa mpaka karne ya 19. Kwa hiyo chakula ambacho watu hukidhania kuwa cha kale kama Roma hakina umri mkubwa.

Mchuzi huo wa nyanya ndio msingi, na anayeujua ameshaijua nusu ya kazi. Kwa jamaa ya watu sita huhitajiwa kilo moja ya nyanya zilizoiva barabara, vitunguu viwili vya wastani, punje tatu za kitunguu saumu, vijiko vinne vya mafuta ya alizeti, na chumvi. Nyanya zitumbukizwe katika maji yanayochemka kwa muda wa dakika moja, kisha zimenywe na kukatwakatwa. Vitunguu vikatwe vidogo vidogo, vitiwe katika mafuta yasiyo moto sana, vipikwe taratibu kwa dakika 10 hata vilainike na kung'aa bila kugeuka rangi. Hapa ndipo wapishi wengi wanapokosea, kwa kuwa wamezoea kukikaanga kitunguu mpaka kiwe chekundu. Kitunguu chekundu ni kizuri katika pilau; katika mchuzi huu huleta uchungu. Kitunguu saumu hutiwa mwisho, dakika moja tu kabla ya nyanya, maana kikiungua hakina dawa. Nyanya zikishaingia, sufuria iachwe wazi juu ya moto wa wastani, na baada ya dakika 20 hadi 25 maji yatakuwa yamepungua na mafuta yameanza kuonekana juu. Bizari haina nafasi hapa, wala sukari, ikiwa nyanya zimeiva.

Mwenye mche wa mrehani uani achume majani machache na kuyatia wakati wa kuepua. Wanawake wa pwani hujipamba kwa mrehani kwa ajili ya harufu yake. Wa Napoli hutia jamaa yake wa karibu sufuriani. Asiye nao asihangaike.

Sasa tambi. Pakiti ya gramu 500 huwatosha watu sita. Vitabu vya Kiitalia hutaka lita moja ya maji kwa kila gramu 100, yaani lita tano, lakini kuchemsha lita tano juu ya makaa ni kuchoma fedha. Lita tatu zatosha, mradi tambi zikorogwe vyema katika dakika za mwanzo zisishikamane. Maji yatiwe chumvi, kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita mbili, nayo yawe yanatokota kabla tambi hazijaingia. Baada ya hapo mpishi asiondoke. Zile dakika nane hadi 12 zilizoandikwa juu ya pakiti ni za kuaminiwa, na dakika mbili kabla ya muda huo kwisha tambi moja ionjwe. Waitalia hutaka iwe al dente, maana yake jino lihisi kitu linapouma. Desturi iliyoenea ya kuzichemsha mpaka zivimbe kama uji, kisha kuzisuuza kwa maji baridi, huharibu mambo mawili kwa pamoja: tambi hupoteza ladha, na ile wanga iliyozipaka kwa juu, ambayo ndiyo ingeushika mchuzi, humwagwa chini.

Kabla ya kuchuja, kikombe kimoja cha maji yale mazito kiwekwe kando. Tambi zilizochujwa zimiminwe ndani ya mchuzi ulio motoni, ziongezwe nusu ya kikombe hicho, zikorogwe dakika moja au mbili. Mafuta, nyanya na wanga vitaungana kuwa kitu kimoja kinachong'aa. Chakula hiki humfaa sana askari wa polisi anayetoka lindo usiku, kwani mchuzi waweza kupikwa jioni ukangoja, na tambi zikatiwa majini atakapobisha hodi.

Kuhusu jibini, maskini wa kusini mwa Italia walilitatua jambo hilo zamani. Mkate uliokauka ulisagwa, ukakaangwa kwa kijiko cha mafuta mpaka ukawa na rangi ya dhahabu, ukanyunyizwa juu ya tambi mahali pa jibini. Huko Sicilia mkate huo huo hunyunyizwa juu ya tambi zilizopikwa kwa samaki aina ya sardini, na hakuna sababu ya dagaa wabichi waliosafishwa na kukaangwa kutochukua nafasi ya sardini. Pizza iachwe kando. Hutaka tanuri lenye moto mkali mno, na jiko la makaa halina ujanja huo.

Wiki ya mwisho ya mwezi ina chakula chake, nacho ni maharagwe kwa makaroni. Wa Napoli walikuwa wakikipika kwa mabaki ya tambi za kila namna zilizovunjika, zilizouzwa kwa bei ya chini, hata leo wapo watengenezaji wanaochanganya maumbo makusudi ili kuiga umaskini ule. Nusu kilo ya maharagwe makavu ilowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemshwe kwa maji mapya, kwa nguvu dakika 10 za kwanza na polepole baadaye mpaka yaive kabisa. Kulowekwa huko huokoa makaa mengi. Kitunguu na karoti vilivyokatwa vidogo vikaangwe taratibu katika sufuria nyingine, nyanya mbili zifuate, halafu maharagwe pamoja na maji yake. Theluthi moja ya maharagwe ipondwe kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Chumvi itiwe, na hatimaye gramu 250 za makaroni, au tambi zilizovunjwa kwa mkono, ziivie humo humo huku zikikorogwe mara kwa mara. Nafaka na kunde zikiliwa pamoja, moja huijaza nyingine katika vijenzi vya mwili, na mtoto aliyeshiba chakula hiki hakupungukiwa sana kwa kukosa nyama siku hiyo.

Jambo hili la nafaka na kunde Waitalia walilijua kwa gharama kubwa, na ni mahindi yaliyowafundisha. Wakulima wa kaskazini, Veneto na Lombardia, hula polenta, ambayo ni ugali mwepesi wa mahindi ya njano. Katika karne ya 18 na ya 19 wengi wao hawakuwa na kingine cha kula, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Wakapatwa na maradhi ambayo daktari Francesco Frapolli wa Milano aliyapa jina la pelagra mwaka 1771, yaani ngozi iliyokwaruza. Ngozi iliyopigwa na jua ilibabuka, tumbo likaharisha, akili ikavurugika, na wengi wakafa. Wengine walidhani ni mahindi yaliyooza. Sababu ya kweli ilibainika katika karne ya 20: vitamini iitwayo niasini, ambayo katika mahindi imefungwa hata mwili hauwezi kuitumia. Tiba yake ilithibitishwa mwaka 1937. Wenyeji wa Meksiko, ambao ndio waliolima mahindi kwanza, walikuwa wakiyachemsha kwa chokaa kabla ya kuyasaga, na hivyo vitamini ile ikafunguka. Mbegu ilisafirishwa Ulaya, maarifa hayakusafirishwa.

Wala si habari ya Ulaya tu. Mwaka 1990 pelagra iliwapata maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, ambao chakula chao cha mgao kilikuwa mahindi, baada ya karanga kukosekana katika mgao huo. Nyumba inayopika ugali kila siku, au posho kama uitwavyo Uganda, haina haja ya kuuogopa, lakini ugali kwa chumvi, au kwa mchuzi wa maji matupu wiki hata wiki, si chakula cha kumpa mtoto. Karanga, dagaa, nyama, mayai au maharagwe sharti vikaribie sahani hiyo.

Polenta yenyewe hupikwa kwa kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vinne vya maji yenye chumvi. Unga wa njano uliosagwa kwa chembe ndio bora, na wa dona huweza kutumika. Unga hunyunyizwa kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka, na hupikwa kwa moto mdogo kwa dakika 40, muda ambao msonga ugali hodari atauona kuwa ni wa ajabu. Lakini ladha ya unga mbichi hutoweka kabisa. Katika sehemu nyingine za Italia polenta humiminwa juu ya ubao mpana, mchuzi ukawekwa katikati, na jamaa nzima ikala kwa pamoja kila mtu kutoka upande wake, kama sinia la pwani. Mchuzi ule wa nyanya uliotiwa maharagwe yaliyochemshwa wafaa sana hapa.

Ikibaki, isandazwe katika sahani bapa, ifunikwe, ilale mahali pa baridi. Asubuhi itakuwa imeganda. Ikatwe vipande vyenye unene wa kidole, vikaangwe kwa mafuta kidogo bila kugeuzwageuzwa mpaka viwe na ganda kavu pande zote mbili, na watoto wavile na chai kabla ya kwenda shule.