Kompyuta ya Mtumba: Chombo ni Chako, Programu ni ya Nani?

Kompyuta imekuwa miongoni mwa vyombo vya lazima majumbani mwetu. Mwanafunzi huandikia kazi zake, na mama mwenye biashara ya vitambaa au mapishi huwekea hesabu zake. Kwa kuwa mpya ni ghali, wengi wetu hununua zilizokwisha kutumika ng'ambo, na hapana aibu katika hilo. Lakini liko jambo moja ambalo mnunuzi hulisahau kuliuliza na muuzaji hulinyamazia, nalo ni leseni ya programu.

Yatupasa kwanza tufahamu kwamba anayenunua kompyuta hupata vitu viwili vyenye hukumu mbalimbali. Cha kwanza ni chombo chenyewe, na hicho ni milki yake. Akitaka atauza, akitaka atatoa hiba. Cha pili ni programu inayokiendesha, mfano wa Windows. Hiyo haimilikiwi, kinachonunuliwa ni ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Waliosoma fiqhi wataona jambo hili liko karibu na ijara: mpangaji hukaa nyumbani kwa raha zake, ila hana idhini ya kuiuza nyumba.

Leseni za Windows kwa jumla ni za aina tatu.

Ya kwanza ni ya kiwandani, iwekwayo na mtengenezaji kama HP, Dell au Lenovo. Hii imefungamana na kompyuta ile ile. Kompyuta ikiuzwa, leseni huenda nayo kwa halali, lakini haihamishiki kwenda kwenye nyingine. Katika mashine nyingi zilizotoka na Windows 8 mwaka 2012 na baada yake, ufunguo wa leseni umehifadhiwa ndani ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi. Katika zile za kabla yake, hutazamwa kwenye kibandiko kilichogandishwa juu ya mashine.

Ya pili ni ya rejareja, inayonunuliwa peke yake. Mwenyewe aweza kuihamishia kwenye kompyuta nyingine, kwa sharti aiondoe kule ilikokuwa.

Ya tatu ni ya mashirika, wanayopewa makampuni na vyuo kwa mashine nyingi kwa pamoja. Hii haimfuati mnunuzi. Na hapa ndipo penye mtego, maana kompyuta nyingi za mtumba hutoka maofisini. Baadhi ya leseni hizi huhitaji kuthibitishwa na seva ya shirika katika kila siku 180. Aliyenunua mwezi wa Rajabu huenda kabla ya Muharram kumalizika akaona mashine ikimdai leseni, na muuzaji keshasahau uso wake.

Sasa tuje kwenye ukarabati. Kuongeza kumbukumbu, yaani RAM, au kuondoa diski kuukuu na kutia SSD, kwa kawaida hakuvunji leseni. Lakini aliye na leseni ya Windows Home hafunguliwi mlango wa Pro. Fundi akibadilisha madabodi ili kuipa mashine nguvu zaidi, hiyo huhesabiwa kuwa kompyuta mpya, na leseni ya kiwandani haivuki pamoja nayo. Hata kumbukumbu ina mpaka wake. Windows 7 Starter haikuruhusu zaidi ya GB 2, na Windows 10 ya biti 32 haivuki GB 4, hata ukalipia 8. Leseni ya Windows 10 huruhusu pia biti 64, ikiwa prosesa inakubali, ila lazima programu iwekwe upya. Muulize fundi hili kabla hujatoa pesa.

Tena, Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye leseni halali ya Windows 10 huruhusiwa kupanda hadi Windows 11 bila malipo, lakini mashine iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, RAM ya GB 4, na nafasi ya GB 64. Kwa Intel, prosesa nyingi zilizotangulia kizazi cha nane hazikubaliwi.

Hapo ndipo fundi husema, "Nitakuwekea ya bure," naye akusudia iliyovunjwa kufuli. Mama wa nyumba na atafakari. Aliyevunja kufuli la programu aweza kuacha mlango nyuma yake, akachungulia nywila, akaiba picha za familia zilizohifadhiwa kwa sitara.

Na liko la haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta. Vilevile Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, iliamua kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa kisharia, wala haijuzu kuzivamia. Wapo wasemao kwamba kampuni ni tajiri na sisi ni mafukara. Lakini utajiri wa mwenye mali haumhalalishii mwingine kuichukua.

Isitoshe, dhiki haituelekezi kwenye haramu. Iko Linux, kama Ubuntu na Linux Mint, ambayo wenyewe wameiruhusu itumike na kugawanywa bila malipo, na Linux Mint hufaa mashine nyingi za zamani. Iko LibreOffice, inayoandika barua na hesabu na kufungua mafaili ya Word.

Basi, unapokwenda dukani, taka mashine iwashwe mbele yako. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike slmgr /dli. Likitokea neno OEM, ni ya kiwandani. RETAIL, ni ya rejareja. VOLUME, ni ya mashirika, basi uliza kabla ya kulipa. Kisha taka risiti iliyoandikwa aina ya leseni, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto anayejifunzia kwenye chombo cha halali amekwisha kupata somo lake la kwanza.

Wallahu aalam.